Joseph Thomson: kijana aliyemwambia Sayyid Barghash ukweli wa Ruvuma

Ukiwa Nairobi ukatoka kuswali Jamia, ukateremka hadi stesheni ya reli na kupanda matatu nambari 111, utaifuata barabara ya Ngong karibu yote. Kilimani utaiacha mkono wa kulia, utapita Dagoretti Corner, utapita Karen na miti yake, na foleni ikikuhurumia utafika Ngong mjini kabla saa haijapita sana. Watu wa pwani tunaoishi huku bara tunaijua njia hii kwa miguu na kwa nauli. Wachache kati yetu wanajua kwamba mwaka 1883, wakati Nairobi haijawa hata jina la stesheni, wapagazi kutoka Unguja na Mombasa walipiga kambi kule mwisho wa njia hiyo, wakazungushia ua wa miiba, wakiwa na Mzungu wa miaka 25 aliyekuwa mwana wa fundi mawe.

Mzungu huyo ni Joseph Thomson. Jina lake limekwama kwenye swala mdogo tunayemwona mbugani na kwenye maporomoko ya Nyahururu. Vitabu vya shule vinamtaja kuwa aliyepita nchi ya Wamasai, kisha vinaendelea na habari nyingine. Mimi namtaja leo kwa sababu tofauti. Miaka miwili kabla ya kufika Ngong alikuwa mwajiriwa wa Sultani wa Zanzibar, na kazi aliyopewa ni ile ile ambayo kampuni kubwa zinaifanya leo kwa meli na mitambo huko Lamu, Mtwara na Cabo Delgado: kutazama chini ya ardhi yetu na kusema kama kuna kitu cha kuwaka.

Alizaliwa tarehe 14 Februari 1858 katika kijiji cha Penpont, kusini mwa Uskoti. Baba yake alianza kama fundi wa kuchonga mawe, baadaye akawa na machimbo yake mwenyewe ya mawe mekundu ya mchanga. Mtoto alikulia machimboni na alifanya kazi humo. Mawe yale yalikuwa ya mashapo, na hapa niombe ruhusa nieleze kidogo, maana habari yote ya mafuta na gesi inasimama juu ya neno hilo.

Mashapo tunayajua sote. Mimina kahawa kikombeni, iache itulie, kinachobaki chini ndiyo mashapo. Ardhi nayo ina yake. Mito hubeba mchanga na tope, bahari na maziwa hupokea, tabaka hulala juu ya tabaka, hadi za chini zinabanwa na uzito zikawa jiwe. Ndani ya tope huzikwa majani, mwani na viumbe vidogo vya majini. Tabaka lenye mabaki hayo likizama kilomita mbili, tatu, nne, joto la ardhini huyapika yakawa mafuta. Likizama zaidi, huwa gesi. Lisipozama vya kutosha, hubaki jiwe jeusi linalonuka mafuta, linaloshika moto kidogo likazima, halifai kuitwa makaa wala halitoi mafuta. Shika hilo la mwisho, ndilo lililomkosanisha Thomson na Sultani.

Alisoma Chuo Kikuu cha Edinburgh, akafundishwa elimu ya miamba na Archibald Geikie, mmoja wa wakubwa wa fani hiyo Uingereza. Mwaka 1878, akiwa hajatimiza miaka 21, alichukuliwa na Jumuiya ya Kijiografia ya Kifalme ya London awe mtaalamu wa miamba katika msafara wa Keith Johnston kuelekea maziwa ya kati. Waliondoka Dar es Salaam Mei 1879. Mwezi mmoja na ushee baadaye Johnston alifariki kwa maradhi pale Behobeho, na kijana wa miaka 21 akabaki na msafara mzima mikononi.

Ukweli ni kwamba hakubaki peke yake. Mkuu wa wapagazi alikuwa Chuma, Myao aliyeokolewa utumwani akiwa mtoto, yule yule ambaye pamoja na Susi na wenzao waliubeba mwili wa Livingstone kutoka bara hadi Bagamoyo. Chuma alijua njia, lugha, hongo na tabia za watu. Thomson alijua mawe. Wakafika kaskazini ya ziwa Nyasa, wakafika Tanganyika, wakaliona ziwa Rukwa, wakarudi pwani mwaka 1880 wakiwa wamepoteza watu wachache mno kwa kiwango cha misafara ya zama hizo. Sifa zote zilikwenda London kwa Thomson. Kwa haki yake, aliandika vizuri juu ya Chuma. Wengi hawakufanya hata hivyo.

Sasa tuje kwa Sayyid Barghash bin Said. Alitawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, na alikuwa mtawala mwenye haraka. Alileta maji ya mfereji mjini, akajenga Beit al-Ajaib, akanunua meli za moshi zilizobeba biashara hadi Bombay. Meli za moshi hula makaa ya mawe, na kila kapu la makaa lililoingia bandari ya Unguja lilitoka mbali kwa fedha nyingi. Kwa upande wa bara, wasafiri waliopita mto Ruvuma, Livingstone akiwa mmoja wao, walikuwa wameleta habari za mawe meusi yanayofanana na makaa. Mtu yeyote mwenye meli na hesabu angeshtuka. Kama makaa yapo Ruvuma, Zanzibar ingejitegemea kwa moto wake, na pengine ingewauzia hao hao waliokuwa wakimuuzia yeye.

Barghash alimwita Thomson. Nataka tulitazame jambo hili vizuri, kwa sababu tumezoea kusimuliwa kwamba elimu ya ardhi yetu ililetwa na wageni kwa matakwa yao. Hapa ni mtawala wa pwani, Mwislamu, aliyesikia habari ya rasilimali katika nchi aliyoihesabu kuwa yake, na badala ya kuamini uvumi au kumpa mgeni mkataba papo hapo, alimlipa mtaalamu akachunguze kwanza. Karne nzima baadaye kuna serikali zilizotia saini kabla ya kuchunguza.

Julai 1881 Thomson aliondoka Unguja, Chuma akiwa naye tena, akaingia bara kupitia Mikindani, akapanda Ruvuma hadi alikoonyeshwa yale mawe meusi, upande wa mto Lugenda. Kwa jicho la mtoto wa machimbo alijua mapema alichokiona. Hayakuwa makaa. Yalikuwa matabaka ya tope la kale lililojikaza kuwa jiwe, lenye mabaki ya mimea na mafuta mafuta ndani yake, lakini si kitu cha kutia katika tanuru ya meli. Alirudi na kusema hivyo.

Barghash hakupendezwa. Aliona mtu amekula mshahara wake akarudi mikono mitupu, na dhana ikaingia kwamba kijana hakutafuta sawasawa au anaficha. Thomson akakaa Unguja bila kazi ya maana, kisha mwanzoni mwa 1882 akarudi kwao. Chuma alifariki mwaka huo huo Zanzibar.

Mimi simlaumu sana Sultani. Mwenye shida husikia anachotaka. Lakini fikiria njia nyepesi aliyokuwa nayo Thomson. Angeweza kusema kuna dalili njema, zinahitaji msafara wa pili na fedha zaidi. Angekula mwaka mwingine. Sisi tunaosoma matangazo ya kampuni za utafutaji tunaijua lugha hiyo ya dalili njema. Inapandisha bei ya hisa ng'ambo na bei ya mashamba Lamu kwa siku moja.

Na je, alikosea? Swali hili ndilo linalonifanya nisimwache. Kuhusu makaa pale alipopelekwa, hakukosea. Makaa ya kuchimbwa yapo upande wa Ruvuma, lakini mbali kabisa magharibi, Ngaka katika Mbinga, karibu na ziwa Nyasa, na uchimbaji wa biashara ulianza huko 2011 tu. Kuhusu kile kilicho chini zaidi, hakuulizwa, na mwaka 1881 hakuna aliyekuwa na chombo cha kujibu. Kijana alitazama uso wa ardhi na kingo za mito. Mto Ruvuma umekuwa ukimwaga mchanga na tope baharini kwa mamilioni ya miaka, na rundo hilo la mashapo limelala chini ya bahari, nene kwa kilomita nyingi. Mwaka 1982 gesi ilipatikana Mnazi Bay, si mbali na Mikindani alikoshukia. Kuanzia 2010, Anadarko na kisha Eni waligundua kwenye kina kirefu cha bahari ya Msumbiji moja ya hazina kubwa za gesi duniani, na upande wa Tanzania nako wakahesabu futi za ujazo zaidi ya trilioni 50.

Barghash, kwa maneno mengine, alikuwa na sababu ya kuitilia shaka Ruvuma. Alikosea kina tu, na alikosea aina ya kitu.

Kilichofuata huko tumekiona kwa macho. Mtwara waliandamana mwaka 2013 juu ya bomba la gesi kwenda Dar es Salaam, na damu ikamwagika. Cabo Delgado, kwa ndugu zetu Wamwani na Wamakonde, vita vilianza Mocímboa da Praia Oktoba 2017, na Machi 2021 Palma ilishambuliwa hadi Total ikasimamisha kazi. Gesi ya kwanza kutoka huko ilisafirishwa Novemba 2022 kutoka kwenye mtambo unaoelea baharini, mbali na watu. Si haki kumbebesha Thomson haya. Nayataja kwa sababu msomaji wa Lamu anayajua na atajiuliza.

Turudi kwenye maisha yake. Mwanzoni mwa 1883 alikuwa Zanzibar tena, safari hii kwa kazi ya Jumuiya ya London: kutafuta njia kutoka Mombasa hadi ziwa Victoria kupitia nchi ya Wamasai, ambayo misafara ya Wazungu ilikuwa ikiikwepa. Misafara ya pwani haikuikwepa. Matajiri wa pembe wa Pangani na Mombasa walikuwa wakiingia na kutoka humo miaka mingi. Wapagazi wazuri walikuwa wameshachukuliwa na misafara mingine, na Thomson akaandika maneno machafu juu ya watu aliowapata Unguja. Kitabu chake kikisomwa leo na mtu wa pwani, kurasa hizo zinakera. Watu hao hao aliowatukana ndio waliombeba, kama tutakavyoona.

Alitoka Mombasa kupitia Rabai, Duruma na jangwa la Taru hadi Taveta. Kwa mtu wa mawe, njia hiyo ni kama kitabu kilichofunguliwa. Unaanza juu ya matumbawe ya kisiwa, unapanda Changamwe kwenye tope la kale la bahari lenye visukuku, kisha unaingia mawe ya mchanga ya Mazeras na Mariakani, unapita Maji ya Chumvi, unafika mawe makavu ya Taru, ndipo mashapo yanapokwisha na mwamba mama wa bara unatokea. Mikanda hiyo inayoonekana juu hapa Kwale na Kilifi, inazama kuelekea mashariki na kaskazini, na chini ya Lamu unene wa mashapo yote unapita kilomita kumi.

Jaribio la kwanza la kuingia Umasaini lilimshinda. Fischer, Mjerumani, alikuwa ametangulia na kugombana na wenyeji, na nchi ilikuwa moto. Thomson alirudi mbio hadi Mombasa kuongeza bidhaa, kisha akafanya la busara: akajiunga na msafara wa Jumba Kimameta, tajiri wa pembe wa upande wa Pangani. Vitabu vingi vinasema Thomson alifungua njia ya Umasaini. Alifuata nyuma ya Mswahili aliyekuwa akiijua.

Hivyo ndivyo walivyofika Ngong katika nusu ya pili ya 1883. Wamasai waliita mahali hapo kwa chemchemi za mto, na misafara ikalitamka jina hilo Ngongo Bagas. Ukitaka masalio yake, tazama Mbagathi, mto na barabara. Hapo palikuwa mpaka wa malisho ya Wamasai na msitu wa Wakikuyu, soko na mahali pa hatari kwa wakati mmoja. Misafara ilisimama kununua mahindi, viazi na maharage ya Wakikuyu kabla ya kushuka bondeni ambako chakula ni nyama tu. Watu walikwenda kununua kwa makundi na bunduki, kwa sababu waliopotea msituni hawakurudi. Karen ya leo, na viwanja vyake vya ekari na mageti ya umeme, ilikuwa msitu huo.

Thomson aliyatazama mawe ya huko, na aliona moto. Vilima vya Ngong ni mabaki ya volkano. Nairobi yote imekaa juu ya matabaka ya lava na majivu. Mawe mengi ya kujengea mitaa ya magharibi ya jiji ni majivu ya volkano yaliyogandamana, na wataalamu wameyapa jina la bonde la Kerichwa lililo hapo hapo Kilimani na Kileleshwa. Ni mawe mazuri ya fundi. Baba yake angeyapenda. Lakini mafuta hayakai humo, na hakuna atakayekuja kuchimba kisima Lavington. Kinachokaa Nairobi ni karatasi.

Kutoka Ngong aliteremka bonde la ufa, akapanda Longonot akachungulia shimo lake, akapita Naivasha, akaipa milima ya Nyandarua jina la Lord Aberdare aliyekuwa mkuu wa Jumuiya yake, akafika Baringo, na Desemba akafika ziwa Victoria. Njiani alijifanya mganga. Alichanganya dawa ya chumvi inayotoa povu, akatoa na kurudisha meno yake mawili ya bandia, watu wakashangaa. Wasomaji wa London walicheka sana. Mimi naona ni hila ya mtu mwenye hofu, ingawa afadhali hila kuliko risasi, maana Thomson alijivunia kupita Afrika bila kumwaga damu ya watu, na katika hilo anatofautiana sana na Stanley.

Tarehe 31 Desemba 1883 nyati alimjeruhi paja. Baadaye kuhara damu kukamwangusha kabisa, akalala wiki kadhaa mahututi Mianzini, juu ya Naivasha. Wale wapagazi aliowaita takataka za Unguja walimbeba. Alifika pwani Mei 1884, akiwa hai kwa mabega yao. Mwaka 1885 kitabu chake kikatoka na medali ikafuata.

Miaka 7 baada ya kambi ile ya Ngong, Lugard alijenga boma la kampuni ya Waingereza Dagoretti, juu ya njia hiyo hiyo. Kisha reli. Barghash alikuwa ameshafariki, na nchi aliyotaka kuitafutia makaa ilikuwa imekatwa vipande na Wajerumani, Waingereza na Wareno. Ruvuma ikawa mpaka.

Maisha ya Thomson yaliyobaki yalikuwa mafupi. Alikwenda Sokoto kutafuta mikataba ya biashara, akapanda milima ya Atlas huko Morocco, na mwaka 1890 akaingia kazi ya Cecil Rhodes, akatumwa kwa mfalme Msiri wa Katanga, ambako tayari ilijulikana kuna shaba. Ndui iliukata msafara wake njiani na hakufika. Nathubutu kusema hii ndiyo kazi yake mbaya kuliko zote. Kwa Barghash alikuwa mtaalamu anayeulizwa kuna nini. Kwa Rhodes alikuwa mjumbe wa kuchukua. Mapafu yalikuwa yameharibika, na tarehe 2 Agosti 1895 alifariki London akiwa na miaka 37.

Machi 2012, Rais Kibaki alipotangaza kwamba Ngamia-1 huko Lokichar imepata mafuta katika mashapo ya ziwa la kale, Kenya nzima ilikuwa na visima vya utafutaji visivyozidi 40, katika mabonde manne ya Lamu, Anza, Mandera na ufa. Vya kwetu vingi ni vya zamani: Dodori-1 mwaka 1964, Pate-1 na Kipini-1 mwaka 1971. Pate-1 ilipita mita 4,000 na kukutana na gesi, ikafungwa. Baharini, Mbawa-1 ilipata gesi mwaka 2012 na Sunbird-1 ikapata dalili za mafuta mwaka 2014, zote hazikutosha kuuzwa. Eni walichimba Mlima-1 wakaiacha kavu. Matabaka ya chini kabisa ya bonde la Lamu, ya umri wa yale mawe ya Mariakani na Taru, kwa sehemu kubwa hayajafikiwa na kisima chochote.

Sheria ya Petroli ya 2019, iliyopitishwa Nairobi, inaipa kaunti asilimia 20 ya mgao wa serikali na jamii ya eneo asilimia 5. Wavuvi wa Lamu walishinda kesi ya bandari mwaka 2018 katika Mahakama Kuu ya Malindi, shilingi bilioni 1.76, na wanajua umbali uliopo kati ya hukumu na mfuko.

Taarifa ya Thomson juu ya bonde la Ruvuma, ile iliyomkasirisha Sayyid Barghash, ilichapishwa London mwaka 1882 katika jarida la Jumuiya, na yeyote anaweza kuisoma. Taarifa za visima vya Pate, Dodori na Kipini ziko Nairobi, na anayezipata ni mwenye leseni au mwenye kulipa ada.